Dawa ya Kutu kwa Pikipiki

Profesa hakuwahi kumfundisha mtu chochote, ila alikuwa na koti jeupe, na mjini koti jeupe linatosha. Siku hiyo alisimama mbele ya karakana ya mageti akimsikiliza fundi, mama wa makamo, akiilaani asidi yake. Aliitumia kuoshea kutu, nayo ikishamaliza kutu inaendelea kula chuma. Profesa hakujali chuma. Macho yake yalikuwa kwenye pikipiki nyekundu iliyong'aa pembeni. Baba wa mchumba wake alishatoa kauli: asipofika Jumamosi na chombo cha usafiri, binti ataolewa na mwenye nacho. Na Profesa alimpenda yule binti kwelikweli. Ndilo jambo pekee maishani mwake lisilokuwa na ujanja ndani yake.

"Shikamoo mama. Chuma chako kinalia, nimekisikia toka barabarani."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari wa mageti?"

"Mtafiti. Nina dawa ya majani matupu. Haichomi mkono, haiui samaki, haichafui mtaro. Ukiitia kwenye asidi, kutu inatoka, chuma kinabaki."

Dawa yenyewe ilikuwa majani ya mpera, aliyoyachemsha asubuhi kwenye sufuria ya dada yake bila ruhusa. Akatenga glasi mbili, kila moja na msumari wake. Ya kwanza asidi. Ya pili "asidi na dawa", ambayo, tuseme ukweli, ilikuwa majani na maji ya bomba. Msumari wa kwanza ukafoka mapovu. Wa pili ukatulia tuli.

"Chupa sitaki," alisema mama. "Nifundishe kuitengeneza."

"Hiyo ni siri ya miaka kumi na miwili, mama. Labda kwa ile pikipiki..."

Mama akashika kifua. Ilikuwa ya marehemu mume wake, alisema kwa huzuni, kisha akatoa funguo haraka kidogo kuliko inavyompasa mjane. Profesa alikuwa na furaha mno, hakuliona hilo; akamfundisha kuchemsha majani ya mpera, akaondoka na pikipiki.

Jumamosi, baba mkwe akiwa amesimama mlangoni kumpokea, pikipiki ikakatika katikati. Gurudumu la mbele likaenda kumwamkia mzee peke yake. Chini ya ile rangi nyekundu mlikuwa na kutu tupu. Mzee akalitazama gurudumu, akamtazama Profesa aliyelala chini na koti lake, akaingia ndani na kufunga komeo.

Jumatatu Profesa akarudi karakanani akichechemea, roho inamuuma. Akakuta foleni ya mafundi, kila mmoja na dumu lake. Marehemu mume wa mama, mwenye afya njema, alikuwa anawachotea kitu kutoka kwenye pipa.

"Mama, umenipa kutu!"

"Nilidhani umeiona, mwanangu. Si wewe mtaalamu wake?"

"Na hawa wamefuata nini?"

"Dawa yako. Nimeijaribu kwenye asidi siku tatu, chuma hakijaguswa."

Profesa akatafuta pa kukaa.

"Ina maana... inafanya kazi?"

Mama akaweka chini nyundo yake.

"Kumbe ulitaka kunitapeli?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli.