Kumfuta Ame

Jumatatu, 5 Mei 2025

Dhulma tupu! Mzee Sleiman amepokea posa yangu kwa binti yake Suhaila, halafu jioni akapokea na ya Ame. Ame! Fundi wa pikipiki! Mzee amesema atatuchunguza sote wawili na kujibu Ijumaa baada ya sala. Atatuchunguza wapi? Kwenye ukurasa wa kijiji chetu mtandaoni, Gando Yetu, anaousoma kila Alasiri, miwani puani. Ukurasa wenyewe ni wangu. Mimi ndiye ninayeandika nani ameoa, nani amefariki, nani amerudi Hijja. Leo nimeusoma kwa macho ya mkwe. Mimi nimo, lakini kwa kiasi: mikeka ya madrasa, masomo ya hesabu bure. Kwengine kote ni Ame mtupu! Ame ametengeneza pampu ya msikiti. Ame amempeleka mgonjwa Wete mvua ikinyesha. Miaka mitatu namsifu hasimu yangu kwa vidole vyangu mwenyewe, na hakuna aliyenizuia!

Jumanne, 6 Mei

Dawa imepatikana. Kuna programu inayohariri posti zote za zamani kwa mkupuo mmoja. Unaipa neno la kufuta na neno la kuweka mahali pake, unabonyeza, unakunywa chai. Nimeandika: penye Ame, weka Talib, yaani mimi. Ikaniuliza kama nina hakika. Dharau gani hii, mimi wa kuulizwa na mashine? Nimebonyeza. Imeniarifu kuwa imebadilisha maelfu kwa maelfu. Nimestaajabu jinsi Ame alivyojipenyeza. Maelfu! Hata haya hana.

Jumatano, 7 Mei

Simu haijanyamaza tangu alfajiri. Programu ile ni punguani! Haikumfuta Ame peke yake. Imefuta kila "ame" iliyokutana nayo, ndani ya kila neno. Sasa kijiji kizima kinasoma kwamba Bi Mwanapili "Talibfariki" dunia. Mwizi wa mbuzi "Talibkamatwa". Bi Kazija "Talibjifungua" mapacha, na mumewe amekuja dukani kwangu na rungu, akitaka kujua jina langu linatafuta nini kwenye uzazi wa mkewe. Nimemwambia ni teknolojia. Akasema ataivunja meno hiyo teknolojia.

Nimeandika haraka kuomba radhi. Programu ikaidaka hiyo nayo: "Nawaomba mnisTalibhe." Nani atasamehe kwa maneno hayo?

Ami yangu Nyange, aliyenipelekea posa, amecheka hadi akaegemea ukuta. Eti kosa ni langu kujitia msomi. Eti sisi huku twasema kafa, kaoa, kazaa, na lau ningeandika ninavyosema, programu isingepata pa kuuma. Upuuzi! Sikusoma hadi kidato cha sita ili nije kuandika "kafa" kwenye tanzia.

Alhamisi, 8 Mei

Nimesharekebisha. Rahisi mno, sijui watu walipigia nini kelele. Nimeiamuru programu igeuze: penye Talib, weka Ame. Punde tu Bi Mwanapili akawa amefariki kama kawaida, na Bi Kazija amejifungua bila mimi. Herufi kubwa zimebaki katikati ya sentensi, lakini hiyo ni heshima kwa wahusika. Programu nimeizima. Kanzu ya kesho nimeipiga pasi mwenyewe.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika kwa hasira. Mzee Sleiman ametuita barazani kwake, mimi na Ame na wazee wetu, akatoa simu, akasoma kwa sauti. Ame amenunua mikeka ya madrasa. Mikeka yangu! Ame amefundisha watoto hesabu bure. Hesabu zangu! Hata chini ya kila posti, penye jina la mwandishi, pameandikwa Ame. Programu ilipogeuza haikubakisha Talib hata mmoja. Mzee akasema amemtafuta Talib tangu jana asimwone, na kijana asiyetajwa hata mara moja na kijiji chake hawezi kumpa binti.

Nimeruka nikasema mikeka ni yangu. Mzee akamgeukia Ame, akamuuliza. Mnafiki yule akasema kweli! Akasema mikeka ni ya Talib, na hesabu ni za Talib. Wazee wakatikisa vichwa kwa kumpenda. Unyenyekevu ulioje wa kijana huyu, wakasema, anagawa hata sifa zake! Suhaila alipoulizwa ndani, aliitikia kabla swali halijakwisha. Posa ya Ame imekubaliwa hapo hapo.

Nimeumia. Nampenda Suhaila tangu skuli, na hilo sikuwahi kuliandika popote.

Jumatatu, 12 Mei

Nimetafakari kwa utulivu na mkosa nimemjua: ni ile programu. Nimepakua nyengine, yenye nyota nyingi zaidi. Na heri imekuja upesi. Ami Nyange ameniambia yupo Maisa, binti wa mwalimu mkuu, na mwalimu naye ni msomaji wa ukurasa wangu. Anayenitangulia kwa posa ni mmoja tu, nahodha wa timu yetu, niliyemsifu kijinga kila alipofunga bao. Nimemtafuta kwenye posti ili nijue ukubwa wa kazi. Yumo kila mstari! Yumo hata kwenye tanzia za vikongwe wasiowahi kuuona mpira! Watu wa kijiji hiki wana uroho wa sifa usio kifani. Lakini safari hii sibahatishi, nimehakikisha jina lake lisikosewe hata herufi moja. Anaitwa Ali. Nimekwisha bonyeza.