Nilivyomfungia Baba Mkwe Mlango wa Uani

Jamani, leo nimeaibika mpaka sijui niangalie wapi.

Bega langu la kulia mnalijua. Kusukuma kitimwendo kwenye njia za Same zenye mawe kumelichosha, hata kuchana nywele ni kazi. Mtaalamu wa mazoezi akaniambia, "Misuli ya mbele unaitumikisha mno, ya mgongoni imelala. Iamshe." Akanifundisha kufunga tyubu ya baiskeli mahali imara, kisha niivute taratibu, viwiko vikienda nyuma.

Mahali imara kwetu ni kitasa cha mlango wa uani. (Msiniulize nguzo. Nguzo ina mbuzi.)

Basi leo nimekaa uani, breki nimekaza, muziki masikioni, navuta. Kumbe huko mbele mgeni kaingia: baba yake Yohana, mchumba wangu, ameshuka kutoka Mhezi kuja kuniona kwa mara ya kwanza. Tulimtegemea jioni. Mzee kafika asubuhi.

Safari ya bodaboda ni ndefu, akaomba choo. Choo kiko uani. Akaja kufungua mlango, na mlango wetu unafungukia ndani.

Mimi nikahisi tyubu imekuwa ngumu. Nilivyofurahi! Nikavuta. Naye akavuta. Nikajisemea, leo misuli imeamka yote. Nikaongeza nguvu. (Nilikuwa natabasamu, Mungu anisamehe.)

Mama akazunguka nje mbio, akanichomoa spika za masikioni.

"Namsifu, mwachie baba mkwe wako, amebanwa!"

Nikaachia.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mzee akarudi kinyumenyume, akaenda kukaa kwenye beseni la mchele ambao mama alikuwa ameuloweka kwa ajili yake huyohuyo.

Akainuka, suruali imelowa chapachapa. Kama yalikuwa maji ya mchele peke yake, hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanitazama, akaitazama tyubu. "Yohana aliniambia una bega bovu."

"Lilikuwa bovu, baba."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakumbuka kilichomleta uani, akanipita mbio.

Ninavyoandika hapa yuko sebuleni, amejifunga kitenge cha mama, anakunywa chai na kusema harusi isicheleweshwe. Nawaomba msicheke. Mimi nimejaribu, nimeshindwa.