Mpwa wa Jaji Asiyetajwa

Jumatatu, 11 Machi
Nimeitwa kwenye usaili! Ofisi ya mawakili hapa London, nafasi moja tu ya wakili mwanagenzi. Nisipoipata sasa au mwakani, masomo yangu yanapitwa na wakati, nami nitauza viatu Croydon hadi nizeeke. Lakini wameharibu mambo. Siku hizi majina na shule za waombaji hufichwa, kila mtu huulizwa maswali yale yale na kupewa alama. Eti haki! Haki gani hiyo inayonificha mimi, mpwa wa Jaji Thurlby, tena ninayetumia jina la ukoo wake?

Jumanne, 12 Machi
Bronwen Prosser, tunayeuza naye viatu, naye kaitwa! Baba yake dereva wa basi kule Swansea. Kaniambia, "Njoo tufanye mazoezi, Lionel. Watatupa kesi ya kumwombea mtu dhamana." Ujanja huo! Nikamjibu sitaki mtu anipelelezee mbinu zangu. Akacheka: "Haya, bwana mkubwa. Shauri yako."
Mimi mazoezi ya nini? Nimeazima kopo la mjomba, lile la kuhifadhia wigi lake la mahakamani. Jeusi, jina lake limeandikwa kwa dhahabu. Wamekataza kutaja jina. Hawajakataza kopo!

Alhamisi, 14 Machi
Usaili. Mwenyekiti Bi. Farrant, wakili mwenye macho makali, na wenzake wawili. Nikaweka kopo mezani, jina likiwaelekea. Bi. Farrant akaligeuza kimya kimya. Nikaligeuza. Akaligeuza. Nilipolirudisha tena akaliweka sakafuni.
Nikawaka! Waliponipa zamu ya kumwombea mteja dhamana, nikawapasulia kwamba utaratibu wao unawaonea watu wenye ndugu wakubwa. Nilinguruma. Nilipiga meza hadi maji yakamwagika. Wakaacha kuandika, nikajua nimewashika. Halafu muda ukaisha.
Bi. Farrant akasema taratibu, "Mteja wako ni mama wa watoto wawili, yuko rumande. Hujamtaja hata kidogo."
Nikamwambia nilikuwa njiani kumfikia.

Ijumaa, 15 Machi
Kapata Bronwen. Wamenipigia simu kunieleza, maana haki yao inadai hata aliyeshindwa aelezwe. Utetezi wa moto kabisa, wamesema, ila niliyemtetea ni mimi mwenyewe. Mteja wangu angebaki rumande.
Bronwen kaniletea keki dukani. Kasema bado nina mwaka mmoja, atanifundisha kila jioni, tuanze kesho. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. "Kwa sababu unajua kusema, mjinga wewe. Hujui tu umsemee nani." Nikageukia rafu, nikapanga viatu vilivyokuwa vimeshapangwa. Nikamwambia nitafikiria.

Jumamosi, 16 Machi
Nimefikiria. Sihitaji mwalimu! Asubuhi nimekwenda kubadili jina kisheria. Jina la kwanza sasa ni Jaji. Jaji Lionel Thurlby! Mwakani naomba tena pale pale, na nataka nimwone huyo atakayethubutu kumficha jaji.