Nyonga Mpya na Mgeni wa Misikhu

Jumatano, 5 Machi 2025
Wiki ya sita tangu niwekewe nyonga ya chuma. Yule dada wa mazoezi ya viungo kasema mguu umepona, kilichobaki ni woga. Ati woga! Akaniamuru nitembee hadi getini. Nimefika mlangoni, nikaona zile ngazi mbili, nikapiga mayowe. Binti yangu Nyambu akanirudisha kitini mbio, akaniletea chai. Ameomba likizo kazini Nakuru aje Saboti kunitunza. Kasema siku nitakayofika getini peke yangu, anarudi. Tangu mama yake afariki, nyumba hii imenyamaza mno. Nikianguka jikoni, nani atasikia? Getini sifiki ng'o.

Alhamisi, 6 Machi
Mukhisa kapiga simu kutoka Misikhu. Tulipasuliwa siku moja, wodi moja. Alilia kuliko mimi! Sasa ati anaenda sokoni kwa miguu. Katuma hata video. Nikamwambia mimi magongo nilishayatupa. Sijui ulimi ulitumwa na nani. Akafurahi, akasema Jumamosi anakuja tutembee pamoja. Nimekata simu, nikayashika magongo nirudi kitini.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango: Mukhisa anione nikitembea, Nyambu asinione. Nimemtuma Kitale kesho, orodha ndefu: soksi za mgonjwa, dawa ya kuchua, miwani. Amenitazama sana. Nimejaribu nyuma ya choo bila magongo. Hatua nane. Jasho jembamba!

Jumamosi, 8 Machi
Nyambu katoka saa tatu. Mukhisa kafika saa nne, ndani ya suti. Tukaondoka kuelekea getini, kila mmoja akimwangalia mwenzake miguu. Nyonga haikuuma hata kidogo. Moyo ndio ulidunda kama posho mili ikisaga mahindi! Katikati ya njia Mukhisa akanishika mkono.

"Ndung'u, tusimame kidogo bana. Mimi naogopa kuanguka. Kwa ile video, si mama watoto alikuwa amenishika mshipi kwa nyuma."

Nilicheka, nusura nilie. Nikamwambia hata mimi. Tukashikana, tukafika. Geti likafunguka. Nyambu! Alikuwa amesahau simu.

Hakunifokea. Aliketi chini kwenye nyasi na mkoba wake.

"Baba, si ungeniambia tu unaogopa kubaki peke yako?"

Mukhisa akajifanya anakagua ua.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa Nyambu kapanga yote. Atapiga simu kila jioni na kuja kila mwisho wa mwezi. Jirani yetu Jelagat atapita kila asubuhi anitembeze. Mimi na Mukhisa tutaambiana ukweli, hata ukiwa wa aibu. Nimeapa kwa Biblia sitaigiza tena ugonjwa. Nyambu kanikumbatia. Nimejisikia mwepesi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemsindikiza Nyambu hadi barabarani, bila kushikwa! Nimerudi peke yangu, na sikuanguka. Saa mbili Jelagat akaingia na uji wa wimbi, mtamu ajabu. Nikachechemea kidogo. Kidogo tu. Akasema pole mzee, kesho ataleta na mayai.

Nikiongeza na goti kuuma, huenda tukafika kwa kuku.