Vikao Vinane na Bidon Moja

Jumatatu, 4 Machi
Bado ninaisikia: bidon yangu tupu, dumu la maji, ikigonga mawe. Niliiacha bombani inishikie foleni, nikaenda kusoma. Maman Bulonza akaipiga teke. Alisema bidon haina miguu, mwenye miguu ni mimi, na sikuwepo. Foleni nzima ikacheka. Nimejifunza jambo: kwenye kompyuta za kituo hakuna wa kupiga teke.

Kituo chetu cha utafiti kina kompyuta zilizounganishwa, tunazigawana. Unafungua kivinjari, unaomba kikao, unaandika humo R, lugha ya kuchambulia takwimu. Nafasi ni nane. Kikao ni cha jina lako, mwingine hakigusi, hata ukilala.

Jumanne, 5 Machi
Ijumaa mimi na Ariane tunamwonyesha Papa Constantin, mkubwa wetu, mavuno ya mihogo ya Walungu. Ariane anasafisha takwimu, mimi ninachora grafu. Atabakiza msaidizi mmoja. Ninahofia Ariane atachora pia. Anachora vizuri, inaniuma kuandika hivyo. Nimefungua vikao vinane. Saba vitupu.

Jumatano, 6 Machi
Ariane yuko kwenye foleni ya vikao. Alikuja na sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa letu, akauliza kama kwangu pia mashine iko nzito. Nikasema labda ni kurani, umeme umepungua. Akanihurumia, akanisogezea sahani. Nilizimaliza.

Alhamisi, 7 Machi
Grafu ziko tayari, zimekosa takwimu tu. Nilimwandikia Ariane kwa ukali: ziko wapi? Akajibu bado anangoja nafasi, nivumilie, dada. Nilitazama vikao vyangu kwa muda mrefu. Nikafunga saba. Parfait, mwenzetu anayechunguza mvua, alikuwa mbele yake kwenye foleni. Akachukua vyote saba.

Ijumaa, 8 Machi
Grafu nzuri sana, mistari hakuna. Kabla sijafungua mdomo, Ariane alimwambia Papa Constantin kosa ni lake, yeye ndiye aliyechelewa. Papa Constantin akajibu kwamba angalau mimi nilikuwa tayari. Nafasi ya msaidizi nimepewa mimi. Nikasema asante. Sauti ilitoka kama bidon ikigonga mawe.

Jumamosi, 9 Machi
Sikula. Ariane amenipongeza kwa ujumbe, bila kejeli, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Anaomba tu amalize takwimu zake kabla ya kuondoka. Nimeamua kumtendea haki, asingoje tena. Alfajiri, Parfait alipomaliza, nimemshikia nafasi zote nane. Kwa jina langu, maana lake bado liko kwenye foleni.