Kesi ya Kakao na Laini ya Ng'ambo

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya kata nzima, tena kwa Kiingereza.

Wana darasa, kaeni vizuri. Nawasimulia mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, maana hapa Katumba Songwe habari huvuka mto bila pasipoti.

Mnajua niko likizo kwa shangazi yangu, Subilaga. Shangazi ana shamba la kakao karibu na mto. Masika yaliyopita Songwe ulifurika, ukaingia mashambani, ukasomba mawe yote ya mpaka na kuua mikakao ya pembeni. Maji yalipopungua, jirani yake Baba Lusajo akapanda migomba. Mizuri kweli! Tatizo ni kwamba aliipanda ndani ya kakao ya shangazi. Shangazi akisema, "Umeingia kwangu," yeye anajibu, "Mpaka uko wapi? Nionyeshe." Basi wakaacha kusalimiana. Hapa kwetu kumpita jirani yako bila hata "ugonile" si jambo dogo, na shangazi lilikuwa linamtafuna. Ile kakao ndiyo iliyosomesha watoto wake, na miche ya upande ule aliipanda na marehemu mume wake.

Shauri likafika baraza la kata, likapangiwa leo asubuhi. Na mimi nikajiteua kuwa wakili. (Astashahada ya sheria, mwaka wa kwanza! Mtihani wa muhula wa pili wenyewe sijauona!)

"Tumpe mwanangu, utaweza kweli?" shangazi aliniuliza jana.

"Shangazi, sheria zote siku hizi ziko kwenye simu. Wewe lete chai."

Mnakumbuka mwalimu alivyotuonyesha zile tovuti? Ile ya bure yenye hukumu za mahakama zetu, na ile ya Bunge yenye sheria na miswada. Tena akatuonya: nendeni kwenye tovuti yenyewe, msiokoteokote. Mimi nikaokota. Niliandika tu maneno kwa Kiingereza kwenye simu, ardhi, mila, mpaka, nikasubiri kuletewa. (Uvivu huu utanizika.)

Sasa sikilizeni. Pale kwa shangazi mtandao wetu unashika kwa kubahatisha, kwa hiyo nyumba nzima wanatumia laini ya Malawi, nchi ya ng'ambo ya mto, ambayo inashika hadi jikoni. Nikaichomeka kwenye simu yangu. Haikuchukua muda, sheria hiyo ikaja! Ardhi ya mila imo. Mipaka imo. Adhabu ya anayeondoa alama imo. Utafikiri aliyeitunga alikuwa anamjua Baba Lusajo. Nikapiga picha ya skrini kile kifungu peke yake. Kichwa cha sheria nikakiruka, nani ana muda wa vichwa?

Asubuhi nikavaa suti nyeusi ya kwaya. Joto la Kyela mnalijua. Nilifika barazani nimelowa kama niliyevuka Songwe kwa kuogelea, lakini kidevu kiko juu.

Mwenyekiti wa baraza ni Mama Atupele, mama mpole mwenye miwani ya kusomea. "Mugonile," akatusalimu wote. "Hapa hatuhukumu mtu, tunasuluhisha. Kila mmoja aseme lake taratibu."

Taratibu? Mimi nilishasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti! Namsemea shangazi yangu. Hatukuja na maneno matupu, tumekuja na sheria."

Ukapita mguno wa heshima. Jamani, raha niliyoisikia pale! Laiti ningekaa chini wakati huohuo.

Nikaanza kusoma Kiingereza kwa sauti ya mtangazaji wa redio, kisha nikatafsiri. "Mgogoro wa mpaka utapelekwa kwenye kamati ya ardhi, iliyo chini ya chifu wa eneo."

"Chifu yupi?" Mama Atupele akauliza.

Hapo mwenye akili angejishtukia, maana baraza letu haliko chini ya chifu. "Chifu... husika, Mheshimiwa."

"Husika anakaa wapi?" mtu akauliza kutoka nyuma. Wakacheka kidogo. Jasho likaanza safari mpya mgongoni.

"Tusipoteze muda kwa mambo madogo!" nikasema. (Ndiyo, nilimwambia hivyo mwenyekiti wa baraza. Mniombee.) "Twende kwenye adhabu!" Nikamgeukia Baba Lusajo na kumnyooshea kidole. "Mtu yeyote atakayeondoa alama ya mpaka atatozwa faini ya kwacha..."

Na nikaendelea kusoma! Mimi nimekulia huku, maandazi nimeyanunua kwa kwacha za ng'ambo tangu utotoni, sikio langu halikushtuka hata kidogo. Nilikuja kunyamaza nilipoona watu wanatazamana.

Baba Lusajo akanyoosha mkono kwa adabu zote.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nakubali kulipa. Ila nauliza tu. Nivuke mto nikalipie kule, au chifu husika atakuja kuchukua mwenyewe?"

Weee! Baraza likalipuka. Watu walipigapiga mabenchi. Mama Atupele alivua miwani akafuta machozi, akajaribu kusema "Utulivu!" sauti ikamkatikia njiani. Nikaangalia simu, nikavuta picha, na kule pembeni kwa maandishi madogo nikaliona jina la nchi. Malawi. Lilikuwepo muda wote, maskini, linaningoja.

Nikamgeukia shangazi. Alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Nimemliza shangazi yangu, nimempotezea kakao ya mumewe! Akafunua uso. Alikuwa anacheka hadi hana sauti.

"Subilaga," Baba Lusajo akamwita, naye hoi kwa kicheko, "huyu wakili umemtoa wapi?"

"Si ndiye mtoto yuleyule uliyekuwa unambeba ukimpeleka kliniki!" shangazi akamjibu.

Mpate picha. Tangu mafuriko, hayo ndiyo maneno yao ya kwanza yasiyo ya ugomvi.

Mimi nilikuwa natafuta mlango. Mama Atupele akaniona. "Mwanangu, usikimbie. Sheria si umesema ziko kwenye simu? Tutafutie ya kwetu."

Nikachomoa laini ya ng'ambo, nikarudisha yangu. Mtandao ukagoma. Mtu akanishauri nipande kwenye benchi la dirishani. Nikapanda, na suti yangu ya kwaya, mkono juu. (Nani alipiga picha? Nitamjua tu.) Safari hii nikaenda kwenye tovuti yenyewe ya hukumu. Nikaangalia nchi. Nikaangalia mahakama. Nikatafuta kwa Kiswahili, na kweli zipo hukumu za Kiswahili! Nikapata moja ya mashamba ambayo alama zake za mpaka zilipotea. Nikaisoma yote mpaka mwisho, nijue nani alishinda, nisije nikaumbuka mara ya pili nikiwa juu ya benchi.

Nikasoma kwa sauti ndogo, bila utangazaji. Kwamba mahakama ilitoka na kwenda shambani kwenyewe, ikaona kwa macho, ikawasikiliza majirani wanaolijua eneo.

"Hilo sasa ni neno," akasema Mama Atupele. "Inukeni, twende tukaone."

Tukaenda kundi zima. Baba Lusajo alitangulia kwenye migomba yake, akifunua majani. Halafu akasimama, kicheko kimemwisha. Chini ya majani kulikuwa na kisiki cha mkakao kilichoozeshwa na maji, na mbele yake kingine, na kingine, vimenyooka mstari mmoja.

"Subilaga," akasema taratibu, "mstari huu wa mpakani aliupanda marehemu. Mimi ndiye niliyemshikia kamba."

Shangazi aliinama akakigusa kile kisiki. Nami nililia, sitaki kuwaficha.

Wamekubaliana bila hukumu. Mikungu iliyokwisha kuchanua Baba Lusajo ataivuna, kisha anang'oa migomba yake, na atamsaidia shangazi kupanda kakao mpya kwenye mstari uleule. Kamba atashika yeye. Shangazi akampa mkono. "Ndaga fijo," akamshukuru. Na jioni hii Baba Lusajo amepita uani kwetu, na salamu yake imesikika hadi barabarani.

Sasa watoto wa hapa wananiita Wakili Kwacha. Jina limeshavuka mto.

Wana darasa, someni kichwa cha sheria kabla ya kifungu. Na yeyote atakayenicheka humu kundini nitamtoza faini. Kwa shilingi.