Dainamo ya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata wazo. Baiskeli yangu ya umeme itajichaji yenyewe nikiwa juu yake! Hakuna tena kubeba betri hadi dukani kwetu, hakuna tena mke wangu kuuliza nani amechomoa pasi. Sisi ni madobi, na soketi ni moja. Dawa ni dainamo ya baiskeli ya marehemu baba, kile kichupa kilichosugua tairi na kuwasha taa. Baba alinipakia mbele kwenye bomba, na kadiri alivyokanyaga ndivyo njia ilivyong'aa. Niliamini taa ile inamtii yeye tu.

Jioni nilikwenda kwa mama. Baiskeli iko stoo, imefunikwa shuka. Nikafungua dainamo kwa bisibisi, nikaiacha baiskeli pale pale. Mama alisimama mlangoni akinitazama. Uso ulimbadilika. Fahari, bila shaka.

Jumanne, 4 Juni

Balaa! Shemeji, mume wa dada yangu, anaitaka baiskeli ya baba. Wala si kuipanda! Anataka kuitundika ukutani kwenye mgahawa wake, na maua ya plastiki kwenye keria. Ati wateja wanapenda vitu vya zamani, na ati mimi siijali. Mimi, niliyeanguka nayo utoto mzima!

Nikajipiga kifua mbele ya wote, pale pale kwa mama. Jumamosi nitatoka kwangu hadi kwa mama, na betri itafika imejaa kuliko ilivyoondoka. Nikishindwa, aichukue. Shemeji alicheka hadi chai ikampalia. Mama aliuliza tu kama nina hakika. Nikamwambia asubiri aone.

Jumatano, 5 Juni

Jaribio. Dainamo nimeifunga kwenye tairi la baiskeli yangu, waya hadi kwenye betri. Nilikuwa napeleka suti ya bwana harusi. Dainamo ikaimba! Mlio ule ule. Machozi yakanilengalenga katikati ya barabara. Zamani mama aliusikia akiwa jikoni, akaanza kupakua kabla baba hajakata kona. Jamani, siku zile!

Kisha betri ikazima. Mapema kuliko siku zote! Nikasukuma, suti begani. Nilimkuta bwana harusi kibarazani, amevaa bukta na soksi. Hakunishukuru.

Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu anasema dainamo inakaba tairi, kwa hiyo mota inakula betri zaidi ili kulizungusha. Ati nachota maji kwa ndoo na kuyarudisha kwa kiganja. Nikamweleza taratibu kwamba yeye ni mtu wa pasi. Leo nimevaa shati lenye makunyanzi.

Ijumaa, 7 Juni

Ugunduzi! Kwenye mteremko betri haipungui. Kwa hiyo nahitaji njia ya mteremko mtupu hadi kwa mama. Nimeitafuta mchana kutwa. Kila mteremko una mlima wake! Nani alipanga mji huu?

Jumamosi, 8 Juni

Sikufua dafu. Betri ilizima kwenye mlima wa mwisho, nikafika nasukuma. Shemeji alikuwa getini, meno yote nje, ameshika nyundo na misumari ya kutundikia.

Mama akamwambia angoje. Akaniita stoo. Akasema taa ile haikuwaka bure, ilimla baba yangu miguu, na kila usiku yeye mama alimkanda kwa maji moto. "Wewe ulikuwa umeshalala, ungejuaje?" Kisha akasema, "Mwanangu, ungekuja ukaipanda tu, ningekupa siku ile ile. Wewe umekuja na bisibisi."

Nimelia. Sioni haya kuandika.

Nimerudisha dainamo mahali pake. Mama amenipa sharti: niipande wiki nzima kama ilivyo, Jumamosi nirudi nayo. Anataka kuusikia tena mlio ule ukija kutoka kona. Nikifanya hivyo, ni yangu. Nisipofanya, ukutani. Shemeji ameondoka amenuna.

Jumapili, 9 Juni

Nimeipanda! Raha iliyoje! Nimemkumbuka baba hadi jasho la shati lake. Lakini mlimani miguu iliwaka moto, nikamwonea huruma. Mtu yule alistahili mota.

Ndipo nikaelewa. Wazo halikuwa na kosa! Kosa langu ni kupeleka dainamo kwenye mota, badala ya kuleta mota kwenye dainamo, kwenye baiskeli ya baba. Ni kazi ndogo. Mlio utabaki ule ule, mama hata hatajua.

Ijumaa, 14 Juni

Mama amepiga simu. Kesho atakaa mlangoni tangu asubuhi, asikilize. Nikamwambia aondoe shaka, nakuja.

Gurudumu la nyuma liko kitandani. Mnyororo uko kwenye beseni la kufulia, na mke wangu hasemi na mimi. Skrubu kadhaa zimebaki, sioni zinaingia wapi. Hiyo nayo ni faida: itakuwa nyepesi mlimani.